Masomo Arobaini na Matatu

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua daftari hili leo kwa sababu watu wangu wote ninawaambia waandike shajara wanapojiandaa na usaili, na mimi mwenyewe sijawahi kuandika hata ukurasa mmoja. Mganga hajigangi. Basi nianze. Nina kazi ya kuandaa kozi ya mtandaoni, na nimejipa muda mpaka mvua hizi ziishe.

Mimi ni kocha wa usaili. Kwa miaka kumi na miwili watu wamekuja kwenye chumba changu cha uani, wakakaa mbele ya viti vitatu vitupu vya jopo, nami nikahamia kila kiti kwa zamu na kuwauliza maswali hadi woga ukawatoka. Wengi wamepata kazi. Wengine wamerudi na keki. Lakini tangu mwaka jana wanaokuja wamepungua, na ninajua wanakokwenda. Wanakwenda kwa Chiriku.

Jina hilo nilimpa mimi, siku alipofika kwangu mara ya kwanza akashindwa kutamka hata jina lake. Nilimtania, likamganda. Akafunguka, akapata kazi, akaiacha, akanisaidia hapa uani miaka miwili, kisha akaniaga kwa heshima zote akaenda zake. Sasa ana kozi. Inaitwa Sentensi ya Kwanza. Ina masomo manne, kila moja dakika kumi, na yote yanahusu jibu la swali moja tu: "Tuambie kuhusu wewe." Nasikia wamejisajili watu mia sita.

Yangu itakuwa na masomo arobaini na matatu, kutoka barua ya maombi hadi siku ya kusaini mkataba. Tutaona nani ana cha kufundisha.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimeandika orodha ya masomo. Yalifika arobaini na sita, nikaondoa matatu kwa uchungu.

Alhamisi, 7 Machi

Somo la kwanza nimelirekodi mara tano, na mara tano mvua imelifunika. Chumba cha uani kina bati tupu, hakina dari. Ikianza kunyesha humsikii hata anayekuita mlangoni. Mwishowe nikaingia ndani ya kabati la nguo, nikakaa juu ya sanduku katikati ya makoti ya mume wangu. Sauti ikatoka safi kabisa. Nilipofika kwenye maneno "ingia ukijiamini," mume wangu akafungua kabati akitafuta mkanda wake.

Yeye ni fundi wa friji, na kila jambo analitazama kwa jicho la friji: kama haigandishi, tafuta panapovuja. Akaniuliza hiyo kozi ni ya nani. Nikamwambia ni ya kila mtu anayetafuta kazi. Akasema, "Haya," akachukua mkanda, akafunga mlango nikiwa humo humo ndani. Ile haya yake imeniudhi siku nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anataka kurudi kazini. Anaishi nasi tangu mama mkwe afariki. Zamani alikuwa karani wa masijala hospitalini, mtu wa mafaili, na walimsifu. Kisha mama akaugua, na kati ya watoto wote ni yeye aliyeacha kazi akamuuguza miaka tisa. Hatukumuuliza kama anataka. Tulimshukuru tu, kila mmoja kwa simu.

Sasa hospitali nyingine inatafuta karani, naye amepeleka barua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kocha yumo nyumbani. Tunaanza Jumatatu. Kusema kweli nimefurahi kwa sababu mbili: nitamsaidia, na nitamtumia kama mfano kwenye kozi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempitisha wifi kwenye masomo sita ya mwanzo. Alijaza kurasa kumi na moja. Mwishoni akaniuliza kwa upole kama wasaili huwa wanauliza mambo yote haya. Nikamwambia lazima mtu awe tayari kwa lolote. Akapiga miayo, akaomba radhi, akapiga tena.

Jumatano, 13 Machi

Masomo ya saba na ya nane. Wifi anaumwa kichwa.

Ijumaa, 15 Machi

Nimerudi kutoka dukani nikamkuta wifi ameketi kwenye ngazi za nyuma, simu mkononi, kitu sikioni, midomo inamchezacheza. Nikadhani anasali. Nilipomkaribia nikasikia sauti ndogo ikivuja, na ile sauti ningeitambua hata nikiwa nimezibwa masikio, kwa sababu ni mimi niliyeitoa kooni mwa mwenyewe. Chiriku. Ndani ya nyumba yangu.

Wifi akashtuka. Akasema rafiki yake mmoja amemwambia ajaribu, ni masomo manne tu, na si kwamba yangu hayafai, ila yangu ni mengi na kichwa chake siku hizi ni kidogo. Nikamwambia mbona ni jambo zuri, kuuliza si ujinga, asome tu. Nikatabasamu. Kisha nikaingia jikoni nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Naandika hapa ili lijulikane: hili si wivu. Ni suala la utaratibu. Mtu akiwa na daktari nyumbani haendi kununua dawa kwa jirani.

Jumamosi, 16 Machi

Ni wivu. Nimeamka nao, nikanywa nao chai. Roho inaniuma hasa, pale chini ya mbavu, na nikikumbuka watu mia sita inauma upya. Mume wangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia ni gesi.

Jumapili, 17 Machi

Leo nimefanya jambo la aibu. Wifi alikuwa bafuni, simu yake iko mezani haijafungwa. Nikatazama somo la pili lote, dakika kumi, nikiwa nimesimama.

Nilitarajia makeke. Chiriku amekaa kwenye kiti cha kawaida, nyuma yake ukuta mweupe, juu yake dari. Anasema sentensi ya kwanza isiwe na neno ambalo huwezi kulitolea ushahidi ukiulizwa. Kila neno liwe na siku yake na mahali pake. Anatoa mfano mmoja, anautengeneza polepole mbele yako, anakuacha ufanye wako. Basi. Ukimaliza unajua kufanya kitu ambacho dakika kumi kabla hukukijua.

Halafu akasema: "Kuna mtu mmoja aliwahi kuniambia kwamba woga hauishi, unapungua tu kadiri unavyojua neno lako la kwanza." Mtu mmoja! Yaani mimi. Nilimwambia pale uani, kwenye kiti cha katikati, nikimshika mkono. Leo nimekuwa mtu mmoja, kama mpita njia aliyemwelekeza choo kilipo.

Wifi akatoka bafuni, nikairudisha simu mezani nikiwa nimeigeuza. Nadhani aliona.

Jumanne, 19 Machi

Mvua kutwa. Kabatini. Somo la tisa, la kumi na la kumi na moja. Somo la kumi ni la viatu.

Ijumaa, 22 Machi

Mume wangu amesikiliza somo la kumi kwa sababu nilimlazimisha. Akasema ni zuri. Nikamwambia aseme kweli. Akasema, "Mwenzangu, mtaka yote hukosa yote. Hapa umemwambia mtu achague viatu, na bado hujajua huyo mtu ni nani." Nikamuuliza tangu lini friji zimempa digrii ya ualimu.

Jumatano, 27 Machi

Chiriku amefikisha watu mia nane. Aliandika shukrani ndefu. Niliisoma mara tatu nikitafuta kosa la herufi, na sikulipata.

Jumanne, 2 Aprili

Wifi ameitwa! Usaili ni tarehe 16, saa tatu asubuhi. Amenikumbatia jikoni hadi mwiko ukaniangukia mguuni. Mume wangu amewapigia simu ndugu wote. Leo nimefurahi kama watu wengine, bila kitu chochote ndani yake.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua ilipumzika asubuhi, wifi akaanika nguo. Nilikuwa dirishani, hakuniona. Alikuwa akiibana kila nguo kwa kibanio huku akiisema sentensi yake, bila haraka, kama mtu anayejitambulisha kwa jirani:

"Kwa miaka tisa nimemuuguza mama yangu na kuandika kila dawa aliyokunywa, saa na kipimo, bila kuruka siku, na kabla ya hapo niliyatunza mafaili ya wagonjwa elfu tatu, na halikupotea hata moja."

Nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili. Ninaijua kazi nzuri nikiisikia. Ile miaka tisa, ambayo mimi katika somo la kumi na tisa nafundisha jinsi ya kuifunika, yeye ameitanguliza mbele kabisa, na imekuwa ndiyo nguvu yake. Nilisisimkwa mwili mzima. Na papo hapo nikawaza: hii siyo kazi yangu. Akipata, atakayeshukuriwa si mimi.

Alhamisi, 11 Aprili

Hakuna cha kuandika. Somo la ishirini na moja.

Jumanne, 16 Aprili

Ninaandika mchana, mlango nimeufunga. Nitaandika lote.

Asubuhi wifi alivaa sketi ya bluu na blauzi ya mama mkwe, ile nyeupe. Alipendeza. Mume wangu alikuwa ameshatoka, kuna bucha ambayo friji yake ilizima. Tulibaki wawili mezani. Wifi akaisema sentensi yake mara moja mbele yangu, macho kwangu, akangoja. Alitaka tu niseme, "Nenda, uko sawa." Maneno matatu.

Nikamwambia siku hizi wasaili wameichoka. Nikamwambia watu mia nane wanasema vilevile, wanaanza na habari za nyumbani, na jopo likisikia mama na dawa linajua huyu katoka kwa Chiriku. Sikuwa na ushahidi wowote. Sijaongea na msaili hata mmoja mwaka huu. Nilikuwa ninayasikia maneno yakinitoka, matamu, ya kitaalamu, na sikuyazuia.

Uso ukamshuka. Akaniuliza aseme nini basi. Nikachukua kalamu, kwa sababu nilikuwa ninayo tayari, na nikamwandikia nyuma ya bahasha: "Mimi ni mtaalamu mwenye uzoefu mpana katika usimamizi wa kumbukumbu, mwenye ari ya kuleta tija katika taasisi." Akaisoma mara nne au tano. Akasema, "Wewe ndiye unayejua, wifi." Akaondoka chini ya mwavuli, bahasha mkononi, akiisoma njiani.

Amerudi saa sita. Kiatu kimoja kimejaa maji. Nikamuuliza, akasema alianza vizuri, alisema yote kama nilivyoandika. Halafu mama mmoja wa jopo, mwenye miwani, akamuuliza kwa wema kabisa: "Uzoefu mpana wa wapi, na mwaka gani?" Wifi akatafuta jibu, akakuta lile neno halina kitu ndani. Akasema hakukumbuka mafaili, hakukumbuka hospitali, alikuwa anaiona bahasha tu. Akanyamaza. Walimngoja. Akasema samahani. Maswali mengine hayajui hata aliyajibu nini.

Kisha akasema jambo ambalo limenifunga hapa chumbani. Alisema, "Usijilaumu, wifi. Ulinisaidia. Kichwa changu ndicho kimekufa."

Nami nikamwambia pole. Nilisema pole tu.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua kubwa. Sikurekodi.

Ijumaa, 19 Aprili

Wifi anapika, anafua, anafagia kabla sijaamka. Simu yake iko juu ya kabati, haigusi. Mume wangu anamwambia kupata ni majaliwa. Kila akisema hivyo mimi natoka nje.

Jumatano, 24 Aprili

Majina yametoka. Lake halimo. Alisoma orodha yote hadi chini, akairudia, kisha akauliza kama kuna mtu anataka chai.

Nilitafuta kwenye simu yangu jioni kitu kingine kabisa, nikakutana na ujumbe wa Chiriku wa mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimeusahau, au nimejisahaulisha. Anasema: "Mwalimu, shikamoo. Nataka kukutaja kwa jina kwenye kozi yangu, pale penye maneno yako. Naomba ruhusa. Na kama utapata nafasi uniangalizie." Nakumbuka niliusoma nikasema moyoni, ngoja atoe jasho. Sikumjibu. Ndiyo maana nikawa mtu mmoja. Zaidi ya mwezi mzima nimemchukia kwa jambo nililolifanya mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimemwambia.

Nilimkuta akikunja shuka. Nilikaa kitandani kwake, nikamwambia sentensi yake ilikuwa bora kuliko yoyote niliyowahi kuisikia katika chumba changu. Nikamwambia hakuna msaili aliyewahi kuniambia wameichoka, nililitunga lile pale mezani. Nikamwambia niliona wivu kwa Chiriku, na sikutaka yeye apate kazi kwa mkono wa Chiriku.

Aliendelea kukunja hadi shuka likawa dogo kama kitabu. Akauliza, "Ulijua nitashindwa?" Nikamwambia sikutaka ashindwe, nilitaka ashinde kwa sentensi yangu. Akasema, "Sikukuuliza ulichotaka." Nikamwambia nilijua ni mbaya zaidi. Nilijua, na nilimpa.

Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Miaka tisa nimekaa ndani, wifi. Watu wote walikuwa wakiniambia asante. Lile ndilo jambo la kwanza nililolifanya kwa ajili yangu." Akaniomba nitoke.

Jumatatu, 29 Aprili

Hasemi nami. Ananiamkia, basi.

Mume wangu amejua. Sikumwambia mimi. Hakugomba, afadhali angegomba. Amehamishia kiti chake upande wa pili wa meza.

Alhamisi, 2 Mei

Nimefungua orodha ya masomo. Yote arobaini na matatu yanazungumza na mtu ambaye hajawahi kuwepo, mtu aliyekaa mbele yangu akinisikiliza kwa saa kumi na nane na kunistaajabia. Sikuwa ninamfundisha mtu, nilikuwa ninamjibu Chiriku. Nimeyafuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kurekodi lile la viatu.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua.

Jumapili, 5 Mei

Baada ya chakula cha mchana wifi amekuja uani. Hajawahi kuingia tangu mwezi wa tatu. Akakaa kwenye kiti cha msailiwa, mimi nimesimama na ufagio. Akasema hajanisamehe na nisidhani kaja kwa hilo. Ila kila akifumba macho anamwona yule mama mwenye miwani, na hajui ni wapi hasa mambo yalikatika, na hawezi kupeleka barua nyingine akiwa hajui.

Basi nikafanya ninachofanya siku zote mtu akirudi hajapata. Sikufikiri hata. Nikamwambia asiniambie alivyojisikia, aniambie walivyouliza, swali kwa swali, kwa mpangilio, kuanzia aliyemfungulia mlango. Mara ya kwanza alikumbuka maswali matatu. Nikamuuliza nani alikuwa kushoto, kalamu ilikuwa ya rangi gani, dirisha lilikuwa wazi? Yakawa saba. Yakawa tisa. Na katika yale tisa, wifi akagundua kwamba aliharibikiwa na moja tu. Matatu aliyajibu si haba, matano aliyajibu vizuri, tena lile la faili lililowekwa pasipo pake alilijibu hadi mmoja wao akaandika. Alikuwa amejihukumu kwa maswali tisa kwa kosa la swali moja.

"Moja," akasema. Akalirudia. Akanyoosha miguu.

Nikamwambia sasa alijibu upya, kwa maneno yake, mimi niwe mama mwenye miwani. Akasema hapana. Akasema hilo atalifanya na kaka yake. Haki yake. Nilikwenda kumwita mume wangu, akaja na mikono ina grisi, akakaa kwenye kiti cha katikati akauliza kwa sauti nene ya mheshimiwa, na wifi akacheka, halafu akajibu. Mimi nilisikilizia nje, chini ya upenu, maji yananichuruzika shingoni.

Alhamisi, 9 Mei

Chiriku amepiga simu. Nikaiacha iite hadi karibu na mwisho.

Sauti yake haikuwa ya mtandaoni. Amenisalimia, akauliza habari za wote, kisha akasema amekwama. Watu wamerudi. Wamefanya masomo manne, wameisema sentensi vizuri, na bado hawakupata, kwa sababu nafasi ni moja na waombaji ni mia. Wanamwandikia kila siku wakimuuliza wafanye nini sasa, na yeye hana la kuwaambia. Akasema, "Wewe tulikuwa tukirudi kwako tumeshindwa, Mwalimu, tunatoka tunataka kujaribu tena. Nimejaribu kukumbuka ulikuwa unatufanyaje. Sikumbuki ulifundisha kitu. Ulikuwa unatuuliza tu kuhusu madirisha."

Niseme ukweli wa daftari hili: kitu cha kwanza nilichokisikia ni furaha, na haikuwa furaha nzuri. Amekwama! Nikaionja sekunde kadhaa, kisha nikamkumbuka wifi na kiatu chake kilichojaa maji, ikanichachukia mdomoni.

Nikamwambia nitatengeneza kozi ya hao, ya hao tu. Mtu aliyeambiwa hapana ndani ya siku saba zilizopita, na anatakiwa apeleke barua nyingine kabla siku saba zijazo hazijaisha. Akasema nikimaliza atawaelekeza wote kwangu. Nikamwambia na ule ujumbe wa mwezi wa kwanza, jibu ni ndiyo. Akasema alishadhani simu yangu ilipotea. Mstaarabu. Hata ustaarabu wake nimeuonea wivu.

Jumatatu, 13 Mei

Masomo ni matano. Yaandike maswali yote uliyoulizwa. Tafuta mahali palipokatika. Lijibu upya lile moja. Mtafute mtu wa kukuuliza, asiwe mimi. Peleka barua nyingine. Kila nikitaka kuongeza la sita najiuliza kama mtu mwenye kiatu kilicholowa analihitaji, naliacha.

Nimemwonyesha mume wangu. Alisoma karatasi nzima, na safari hii hakusema "Haya." Akauliza kama naweza kuanza wiki hii.

Jumanne, 21 Mei

Mvua zinakatika. Nimerekodi uani, mlango wazi, mawili kwa siku moja. Kinachobaki ni mfano. Watu hawataelewa somo la kwanza bila kumwona mtu mmoja akikumbuka maswali yake, na ninayemtaka ni mmoja tu.

Ijumaa, 24 Mei

Nimemwomba wifi. Nilimwambia akikataa sitamuuliza tena. Alikuwa anajaza fomu ya kazi nyingine, ya tatu mwezi huu. Akamaliza kuandika mstari aliokuwa akiuandika.

Akasema atakubali, kwa jina la karani tu, na kwa sharti. Nieleze wote wakisikia ni nani aliyembadilishia sentensi asubuhi ile. Asionekane mjinga aliyekariri bahasha. Nikamwambia hao wote wanatoka kwa Chiriku, na Chiriku mwenyewe atasikiliza. Akasema, "Ndiyo."

Jumamosi, 25 Mei

Nikisema, nani atanunua kozi kwa kocha wa namna hiyo? Nisiposema, sina somo la kwanza. Nimezunguka uani asubuhi nzima.

Jumatano, 29 Mei

Jua. Nimerekodi. Wifi alikaa kiti cha msailiwa, akakumbuka maswali yake tisa mbele ya kamera bila kusita. Kisha nikageukia kamera nikasema: "Asubuhi ya usaili, mimi kocha wake nilimbadilishia sentensi yake. Lilikuwa kosa la kitaalamu, na ninalijutia." Sauti yangu ilikuwa tulivu. Niliridhika nayo.

Alhamisi, 30 Mei

Nilimpa wifi asikilize kabla sijaipandisha mtandaoni. Akaingia nayo chumbani kwake. Mimi nilikaa sebuleni, na kwa kuwa hakuna mvua tena nilisikia kila kitu kupitia ukutani. Nikajisikia nikisema kile kipande. Akakirudisha nyuma. Nikajisikia tena. Mara ya tatu.

Akatoka, akasimama mlangoni, akaniambia nimepapita mbio. Nikamwambia naweza kusema polepole. Akatikisa kichwa.

"Haikuwa kosa la kitaalamu, wifi. Kitandani kwangu uliniambia ni nini. Liseme hilo."

Tukarudi uani. Akakaa kwenye kiti cha katikati, cha jopo, mimi kile cha msailiwa. Mara ya kwanza nililisema nikiwa natazama sakafu. Akasema, "Tena." Mara ya pili nikalizungusha, nikaweka na miaka yangu kumi na miwili mbele yake. Akasema, "Tena." Mara ya tatu nikaishia katikati, akaninywesha maji, akarudi kwenye kiti chake, akaiwasha kamera.

Mara ya nne nikasema nilimwonea wivu mwanafunzi wangu, na nikamlipisha wifi yangu.

Wifi akazima kamera. "Sasa nimekusikia," akasema, akaenda kuanua nguo.